Mkristo na Nyimbo za Dunia

Wako wenzetu wasemao kwamba kila wimbo usio wa kanisani ni wa Shetani. Mimi sikubali. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwimbaji mashuhuri wa Uganda, alitangaza mbele ya watu kuwa ana UKIMWI, akazunguka katika shule na makanisa akiwaonya vijana, mpaka alipofariki Desemba mwaka ule ule. Je, huyo alimtumikia nani? Lakini ziko nyimbo nyingine zenye ngoma tamu, na maneno yake yawadharau dada zetu. Hizo siziimbi, hata wakinicheka bwenini. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike kupima mambo yote. Basi tusikilize maneno kabla ya kucheza. Wimbo nisioweza kumfasiria mama yangu, nauacha.