Pumzi Iliyotupwa

Barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu huanza kwa kuliaga ziwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kasulu na Kibondo zimekaa kwenye nyanda zinazozidi mita 1,200. Msafiri wa pwani, aliyezoea hewa nzito yenye chumvi, huitambua tofauti hiyo kwa baridi ya alfajiri na ukungu uliolala mabondeni. Injini huitambua kwa njia nyingine. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Unguja au Tanga kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, na injini isiyo na msaada hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Lori lililosheheni maharage hunguruma, likatoa moshi mweusi, likarudishwa gia ndogo, na utingo akashika gogo lake tayari kuruka chini kuzuia gurudumu.

Katika mpando huohuo husikika wakati mwingine sauti nyembamba, kama mluzi wa mtu aliye mbali. Hiyo ni sauti ya turbo. Aghalabu watu hulihusisha neno hilo na magari ya fahari, yaliyo mafupi kwa kimo na marefu kwa bei, na husimuliwa kwamba turbo ilizaliwa katika viwanja vya mashindano, kisha ikashuka barabarani kwa hisani ya wenye mbio. Simulizi hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili inafahamika vyema zaidi katika mlima wa Kasulu kuliko katika uwanja wowote wa mashindano.

Turbo yenyewe ni kitu kidogo. Ni magurudumu mawili yenye mapanga kama ya pangaboi, yaliyofungwa kwenye mtaimbo mmoja. Moshi unaotoka kwenye silinda, ambao vinginevyo ungetupwa nje pamoja na joto lake lote, hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili nalo huzunguka, likavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua. Baharia wa jahazi hahitaji maelezo marefu: hili ni tanga lililofichwa ndani ya chuma, na upepo wake ni ule ambao chombo chenyewe kimekwisha kuupumua. Wahenga waliposema usitupe mbachao kwa msala upitao, hawakuwa na habari za injini, lakini mafunzo ni yaleyale.

Aliyeliwaza jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Hakuwa akifikiria mbio, bali injini kubwa za kazi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mita zipatazo 4,300 juu ya bahari. Injini hiyo, iliyotoa nguvu za farasi 350 huko chini, ilibaki na 230 kileleni. Ilipofungwa turbo ilitoa 356. Basi jaribio hilo mashuhuri halikufanywa uwanjani. Lilifanywa mlimani, kwa ajili ya hewa pungufu, yaani kwa shida ileile inayomkabili dereva wa Kasulu.

Mashindano yalikuja baadaye, na somo lake la mwanzo lilikuwa vumbi. Mwaka 1952, huko Indianapolis, gari la dizeli la kampuni ya Cummins lilishika nafasi ya kwanza katika kupanga msitari wa kuanzia. Lakini mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa chini mno. Ukameza chembe za mpira wa matairi, turbo ikaziba, na gari likatoka mashindanoni. Mwaka 1962 viwanda vya Marekani vikatoa magari mawili ya kawaida yenye turbo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Jetfire lilihitaji tangi la maji maalumu ya kuituliza injini, na wenye magari wakasahau kulijaza, halikudumu. Ulaya nayo ikafuata: BMW 2002 Turbo mwaka 1973, kisha Porsche 911 Turbo iliyooneshwa Paris mwaka 1974. Renault ilipoingiza turbo katika Formula One mwaka 1977, wapinzani waliliita gari lake birika la chai, kwa jinsi lilivyofuka moshi. Miaka miwili baadaye birika hilo lilishinda Dijon, na kicheko kikakoma.

Magari yale ya awali yalikuwa na ila moja iliyowatia watu hofu. Dereva alikanyaga mafuta na kitu hakikutokea; akangoja, na nguvu ikaja yote kwa mkupuo, pengine katikati ya kona. Moshi ulihitaji muda kulizungusha gurudumu. Asiyejua kungoja, Porsche ile ilimtoa barabarani.

Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine, isiyoimbwa sana. Mwaka 1969 kampuni mbili za Uswidi, Saab na Scania, ziliungana, na mwaka huohuo Scania ikatoa injini ya lori ya lita 14 yenye turbo na nguvu za farasi 350. Saab, ndugu wa nyumba moja, ikatengeneza Saab 99 Turbo, na mwaka 1979 Stig Blomqvist akashinda nalo mashindano ya Uswidi. Hapa lori lilitangulia na gari la mbio likafuata. Malori ya Scania yaliunganishwa baadaye Kibaha, mkoani Pwani, katika kiwanda cha TAMCO, na Mtanzania aliijua turbo kwa kubebewa saruji na mahindi kabla ya kuiona katika gari la fahari.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na uwanja wake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hata yakaja kubaki Kenya peke yake. Humo turbo ilipewa mtihani usiopatikana Ulaya: tope, mawe, joto, na nyanda zenye hewa nyepesi. Toyota Celica yenye turbo ilishinda mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, na Waldegård tena mwaka 1986. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda kwa Celica ya vizazi vya baadaye. Zama hizo kanuni zilikwisha kumlazimisha mwenye kiwanda aunde maelfu ya magari ya kuuzia watu kabla ya kuruhusiwa kushindana kwa aina hiyo. Ndivyo gari la mbio lilivyofika kwa mnunuzi wa kawaida, na ndivyo Subaru zenye turbo, zilizokwisha kutumika Japani, zilivyokuja kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam.

Hata hivyo nyanda za Kigoma hazikumpokea kila mgeni. Tangu miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi na Kongo walipojaa katika kambi za Kasulu na Kibondo, na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996, gari lililoonekana zaidi katika shughuli za misaada lilikuwa Land Cruiser, lile la mkonga, lenye bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa ili lisivute maji wala vumbi zito la chini. Injini yake mashuhuri, 1HZ ya lita 4.2, haina turbo. Ni nzito na ya polepole, lakini huvumilia mafuta machafu na fundi aliye mbali na duka la vipuri. Pale ambapo kuharibikiwa njiani ni mgonjwa kutofika hospitali, watu walichagua upungufu wa nguvu wanaoujua kuliko wingi wa nguvu unaodai matunzo.

Turbo hudai matunzo kweli. Mtaimbo wake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Chujio likitoboka, vumbi jekundu hula mapanga. Injini ikizimwa ghafla baada ya mpando mrefu, oili hukatika wakati chuma bado ni moto mkali, ikaungua na kuganda kama masizi ya chungu.

Ndiyo sababu dereva mzoefu afikapo stendi ya Kasulu hazimi injini mara moja. Abiria hushuka, mizigo huteremshwa, wachuuzi wa ndizi hukimbilia madirishani, naye hubaki ameketi, ufunguo haujageuzwa, injini ikinguruma taratibu. Mgeni hudhani anapoteza dizeli. Dereva anaipa turbo muda wa kupoa, hadi mluzi ule mwembamba utakapokuwa hausikiki tena.