Pazia la Kutojijua

Makala yangu ya kwanza kuhusu haki iliwakera wasomaji. Nilimweleza John Rawls, Mmarekani aliyetoa kitabu chake A Theory of Justice mwaka 1971. Rawls anatutaka tuwaze watu wakipanga misingi ya nchi yao bila yeyote kujua kama yeye ni tajiri au fukara, mwenye nguvu au dhaifu, mwenye kipaji au asiye nacho. Hali hiyo nikaiita "pazia la ujinga". Barua zikamiminika. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza kwa nini nchi ipangwe na wajinga, na swali lake lilinistahili. Kwetu mjinga ni tusi, na watu wa Rawls wanajua mengi. Wasichokijua ni nafasi zao wenyewe. Nikaandika upya: pazia la kutojijua.

Safu yangu ya gazeti nimeiandika miaka 22, na neno lililonitesa kuliko yote ni haki. Msomaji mmoja akilisoma anasikia stahili yake: mshahara, shamba la urithi. Mwingine anasikia hukumu isiyopendelea. Nimejifunza kulisindikiza kila mara, "haki yako" huku, "kutenda haki" kule, la sivyo tunapishana njiani.

Mwaka mmoja nilialikwa kuisoma safu kwa sauti mbele ya watumia mfereji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako maji ya shamba huenda kwa zamu. Rawls ana mfano wa keki, nikaufanya mkate. Anayekata na achukue wa mwisho, naye atakata vipande sawa. Wazee wakaitikia. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akasema:

"Mwanangu, huyo mkataji nimemwelewa. Walioitwa kula waliitwa na nani? Mimi nimelima hapa miaka 40, na zamu ya maji bado ni ya marehemu mume wangu."

Nilinyamaza. Susan Moller Okin alikuwa amembana Rawls kwenye hoja hiyo hiyo, katika kitabu chake cha 1989 kuhusu haki ndani ya familia. Nilikuwa nimekisoma, nikakiweka kando nikidhani ni kizito mno kwa wasomaji wangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Juma lililofuata niliandika kuhusu Okin, nikianza na zamu ya maji, na gazeti nikalituma kwa basi. Baada ya siku chache mama yule alinipigia simu. Mjukuu wake alikuwa amemsomea mara mbili, na aya ya tatu hakubaliani nayo.