Biskuti za Idd na Funzo Tulilolipata Jikoni



 

Ndugu wasomaji, wazee wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, sisi wasichana wa darasa la juu tumeombwa tueleze habari ya biskuti za Idd tulizozioka mwezi wa Ramadhani. Tungependa tueleze tu namna zilivyopendeza, lakini hapo tungekuwa tumesema nusu ya habari. Kwa hiyo tunaanza na zile zilizoharibika.

Katika madrasa yetu wamo watoto wanne mayatima ambao hawakuwa na nguo za sikukuu. Sisi kumi na mmoja tukakubaliana tuoke biskuti za kukata kwa vibati, tuzipambe kwa sukari ya rangi, tuziuze, na faida yote iwe ya nguo zao. Fundi bati wa mtaani alitukunjia vibati vitatu, cha mwezi mwandamo, cha nyota na cha kuba la msikiti, akakataa malipo akasema hiyo ni sadaka yake. Majirani wakaagiza pakiti 20 za biskuti 12, kila pakiti shilingi 5,000, na wote wakalipa kabla. Katika shilingi 100,000 hizo tulitoa 40,000 kwa unga, siagi, sukari na mayai. Zilizobaki 60,000 tukamkabidhi Ustadha wetu, nazo zilitosha nguo nne barabara.

Mchana wa mwezi 26 tukaingia jikoni. Tulijiona mafundi, kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kupika keki nyumbani. Basi tukafanya kama tunavyofanya keki. Tuliipiga siagi na sukari mpaka ikawa nyeupe na nyepesi, tukatia beking pauda vijiko viwili, tukasukuma unga pale pale ukiwa laini, mwembamba kama chapati, tukakata, tukatia katika oveni tuliyoiwasha muda si mrefu. Tulikuwa tumefunga, kwa hiyo hatukuweza kuonja. Tulikaa tukinusa harufu ya hiliki na kusubiri.

Tulipofungua, nyota hazikuwa na ncha. Kuba la msikiti lilikuwa kama kiatu. Mdogo wake mmoja wetu, mwenye umri wa miaka mitano, ndiye tuliyemfanya muonjaji wetu. Akaishika biskuti ya mwezi mwandamo, akaitazama, akasema, "Mwezi huu umeshajaa." Tukacheka, lakini tulipozigeuza kicheko kikaisha. Chini zilikuwa zimeungua na kati bado mbichi. Tukajaribu mchanganyo wa pili kwa namna ile ile, tukitumaini tu, nao ukatoka vile vile. Biskuti 64 zikawa zimeharibika.

Hapo ndipo palipokuja mtihani wenyewe. Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo kwamba pakiti zina biskuti 12, na anayenunua huona za juu tu. Tukitia mbaya tatu au nne chini, na nzuri juu, tukafunga utepe, nani atajua? Na hata akijua, atasema nini, na fedha ni za mayatima?

Hatutaki kujisifu, wasomaji. Hakuna aliyemkemea. Tulinyamaza, na wengi wetu tulinyamaza kwa sababu tulikwisha kubali moyoni. Tulikuwa tunahesabu ni ngapi zitaingia chini.

Aliyevunja ukimya huo ni mdogo wetu kuliko wote darasani. Aliuliza kama tunaikumbuka hadithi ya rundo la chakula. Tuliisoma mwezi wa Shaabani, nayo imo katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye chakula kuna nini, naye akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akaeleza kwamba anayeghushi hayupo pamoja naye.

Tuliihifadhi hadithi ile kwa ajili ya mtihani, na tulipata alama nzuri. Siku ile tulijiona sisi ndio wenye rundo. Tena yule bwana wa sokoni chakula chake kilinyeshewa na mvua, sisi tulikuwa tunataka kukificha kibaya kwa mikono yetu. Wala kuwa fedha ni za mayatima hakukutusaidia kitu. Mtoto yatima havishwi nguo ya udanganyifu.

Baada ya sala ya Alasiri tukaenda kwa bibi mmoja jirani aliyekuwa akioka biskuti za harusi zamani. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukamwonyesha ule mwezi uliojaa. Akacheka sana, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, siagi mliitia ikiwa na baridi au ikiwa imelegea?" Tukamwambia ilikuwa imelegea. Akasema, "Basi hamkuoka biskuti, mmemwaga uji."

Kuanzia hapo tulijifunza, nasi tunayaandika ili yakufae wewe na nyumbani kwenu.

Kwanza ni joto letu la pwani. Siagi huanza kuyeyuka kabisa kwenye nyuzijoto 32 hadi 35, na jiko letu la mchana halikuwa mbali na hapo. Siagi ikiingia katika oveni tayari imelegea, humwagika kabla unga haujashikana, na biskuti hutanda. Kwa hiyo unga lazima upoe. Bibi alitufundisha tuusukume ukiwa bado laini, kati ya karatasi mbili za nailoni, bila ya kuongeza unga mkavu unaoifanya biskuti kuwa ngumu. Kisha tuulaze katika friji, ukiwa bapa hivyo hivyo, kwa muda wa saa moja. Ndipo tukate, tukibonyeza kibati moja kwa moja chini bila ya kukizungusha, na vipande virudi kwenye baridi dakika 15 kabla ya kuingia motoni.

Pili, biskuti ya kukata haitaki beking pauda. Kazi yake ni kufurisha, na kinachofura hupoteza ncha. Vile vile siagi na sukari zichanganywe mpaka zishikane tu. Zikipigwa sana huingia hewa, nayo hewa hufurisha. Sukari nayo isizidi, maana huyeyuka motoni na kuulainisha unga. Vipimo vyetu kwa biskuti 32 ni unga wa ngano gramu 400, siagi ngumu gramu 225, sukari iliyosagwa gramu 200, yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai, na hiliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai. Hiliki tuliipenda kwa harufu yake, na pia baadhi ya vanila za chupa zimetengenezwa kwa alkoholi.

Tatu ni unene. Tuliweka vijiti viwili vyenye unene wa milimita 6, kimoja kila upande wa unga, na mti wa kusukumia ukapita juu yake. Biskuti zote zikawa sawa, hakuna iliyoungua huku nyingine ikiwa mbichi.

Nne, oveni iwe imeshapata moto wa nyuzijoto 180 kabla ya kutia kitu, na trei iwe baridi kila unapoipanga upya. Dakika 9 au 10 zinatosha, pembeni zikianza tu kupata rangi. Mapambo yasubiri mpaka biskuti zipoe kabisa, la sivyo sukari huyeyuka na kuteremka. Sisi tulichanganya sukari ya unga na maji kidogo ya ndimu mpaka ikawa nzito kama dawa ya meno kwa kuchorea ukingo, tukaongeza matone ya maji kwa ile ya kujazia ndani. Tukaziacha zikauke usiku kucha.

Tulioka usiku wa mwezi 27 na 28 baada ya Tarawehe. Trei ya kwanza ilipotoka, nyota zilikuwa na ncha tano, na mwezi ulikuwa mwandamo kweli. Yule mtoto alikuwa amelala, tukamwekea moja.

Lakini vifaa vilivyobaki vilitosha michanganyo sita tu, yaani biskuti 192, sawa na pakiti 16. Watu wanne wakabaki. Tukawaendea majumbani, tukawaonyesha zile mbovu waziwazi na kuwaeleza yaliyotupata. Wawili walikubali kuzichukua za kunywea chai kwa nusu bei, baada ya kuchagua wenyewe zisizokuwa mbichi sana. Wawili tukawarudishia fedha zao. Mmoja alikunja uso, na haki yake, kwa kuwa wageni wake walikuwa njiani.

Hesabu ikapungua shilingi 15,000, nguo ya mtoto mmoja kamili. Tulipompelekea Ustadha habari hiyo hakutulaumu wala hakutusifu. Aliuliza tu, "Sasa yule wa nne atavaa nini?" Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa na fedha kidogo alizoziweka kwa ajili ya hina na piko. Siku ya Idd mikono yetu kumi na mmoja ilikuwa mitupu, na watoto wanne walikwenda kuswali na nguo mpya.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumeongeza kuwa hata biskuti hukunjwa ingali mbichi, na ingali baridi. Umbo lake haliamuliwi motoni, huamuliwa na yaliyofanywa kabla. Na kama si yule mdogo wetu kuwa ameishika hadithi moja kabla ya siku ya kuhitajiwa, sisi wakubwa wake tungeyeyuka sote.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe kwa tulilolikusudia, na atujaalie tuyafanyie kazi tunayoyasoma. Amin.

Wabillahi tawfiq.