Ua zuri, kiazi chenye sumu: usiku nilioutumia kuhesabu vipande

Wazazi wenzangu, mimi ni mpenzi wa maua. Hapa Kibaoni, ukionekana unamwagilia ua, jirani atakuuliza, "Hilo linaliwa?" Ukijibu haliliwi, anacheka na kuendelea na safari yake. Nami nilikuwa nacheka naye, mpaka Juni ya mwaka juzi, siku swali hilo lilipoingia nyumbani kwangu.

Mdogo wangu anafanya kazi Ujerumani. Kila majira ya baridi hunitumia picha ya ua analolitunza dirishani, linaitwa saiklameni. Petali zake zimekunjwa kwenda nyuma kama masikio ya sungura anayekimbia, na chini ya udongo lina kiazi cha duara. Aliniambia ziko aina zaidi ya 20, nyingi zikitoka nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na moja huota milimani kaskazini mwa Somalia. Wanaozipanda huzitofautisha kwa umbo la jani, madoa yake na majira ya kuchanua. Nikamwambia, "Hata huku kwetu porini yapo maua yenye viazi."

Mvua za Novemba zilipoanza, nikaenda kuyatafuta. Nilirudi na mawili.

La kwanza ni lile linalopanda juu ya vichaka, lenye petali sita nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu kama miali ya moto. Wataalamu wa mimea huliita Gloriosa superba, nalo ndilo ua la taifa la Zimbabwe. La pili ni lile la duara, jekundu, kama mpira uliochomekwa vijiti vingi, linalotokeza ardhini mvua zikianza. Hilo ni Scadoxus multiflorus. Shida ni kwamba mtaani kwetu yote mawili tuliyaita jina moja: ua la moto.

Nikayapanda pembeni ya matuta ya viazi vitamu, kwa sababu udongo wa pale ni laini. Mama mkwe alipita, akasimama, akaniambia, "Mwanangu, ua lenye kiazi lisikae na kiazi cha kula." Nikasema ndiyo mama, nitalihamisha. Sikulihamisha. Februari lilichanua vizuri mno, nikalipiga picha nyingi kwa simu, nikamtumia mdogo wangu. Mei likakauka, majani yakaanguka, nikalisahau.

Hapo ndipo penye hatari, na sikuifikiria. Ua hili likiwa na majani kila mtu analiona. Kiangazi halina kitu juu ya ardhi, lakini kiazi chake kipo palepale kinasubiri mvua.

Jioni moja watoto walichimba viazi vitamu, wakavichoma kwenye majivu ya moto wa kupikia. Mimi nilikuwa ndani. Binti yangu mkubwa akaniita kwa sauti ambayo mzazi yeyote anaijua. Alikuwa ameshika kitu kama kidole kinene, laini, cheupe ndani. "Mama, hiki siyo kiazi chetu. Kina pacha, na pacha wake amevunjika."

Kiazi cha Gloriosa mara nyingi huwa na mikono miwili, kama herufi V. Mkono mmoja ulikuwa mkononi mwa binti yangu. Wa pili haukuwepo. Nikamgeukia mdogo wake wa miaka sita. "Umekula viazi vingapi?" Akasema viwili. "Vya namna gani?" Akasema hajui, vilikuwa na majivu.

Tulifukua majivu kwa tochi. Tukahesabu maganda, tukahesabu vipande, tukahesabu tena. Mkono wa pili haukuonekana. Mtoto alikuwa anacheka, hana dalili yoyote, na jirani mmoja akashauri apewe maziwa tusubiri asubuhi. Baba yake akasema hapana, akaita bodaboda. Nikakiweka kile kipande kwenye mfuko, tukaondoka.

Nesi aliniuliza, "Amekula nini?" Nikasema, ua la moto. Akauliza, "Lipi? Yako mengi yanaitwa hivyo." Nikafungua simu nikamwonyesha picha za Februari, kisha nikamtolea kile kipande. Akaniambia picha ile imetuokolea muda. Sumu ya mmea huu inaitwa kolchisini. Ni ileile ambayo kwa kipimo kidogo sana hutengenezwa dawa ya ugonjwa wa jongo. Dalili huchelewa kwa saa kadhaa, kisha huja kutapika na kuharisha, na ikiwa kiasi ni kikubwa viungo vya ndani huharibika. Ndiyo maana kusubiri dalili ni kosa, na ndiyo maana mtoto asilazimishwe kutapika nyumbani. Wakamwekea dripu, wakawa wanamwangalia usiku kucha. Mimi nilihesabu pumzi zake kama nilivyohesabu vile vipande.

Kulipopambazuka simu ikalia. Baba yake alikuwa amerudi nyumbani kutafuta kwa mwanga wa jua. "Nimekipata," akasema. Kilikuwa kwenye gari la mtoto la kuchezea, lile la dumu, amekipakia kama mzigo. Hakikuwa na alama ya jino. Nesi alifurahi, lakini alituacha tuondoke jioni tu, kwa sababu kipande kimoja kupatikana si uthibitisho kwamba hakuna kingine.

Mume wangu alitaka kila ua ling'olewe. Nilikubali nusu. Yale mawili niliyarudisha porini, mbali na njia ya watoto, maana hata kitunguu cha lile la duara kina sumu. Lakini nilimwambia kwamba kung'oa peke yake hakutamlinda mtoto anayeishi kando ya miombo. Mmea huo ataukuta tu. Afadhali aujue.

Basi Desemba ilipofika nilitembea nao watatu, tukajifunza kwa macho. Jani la Gloriosa linang'aa, na ncha yake imerefuka ikajikunja kama kidole kinachoshika. Kiazi kikuu hakina kidole hicho. Shina lake ndilo linalojizungusha, na jani lake mara nyingi lina umbo la moyo. Ukikuta shina kama hilo lenye vijani vitatu vitatu, usichimbe: vingi vya porini vya namna hiyo vina sumu, na wazee walivila wakati wa njaa tu baada ya kuviloweka siku nyingi. Kiazi kitamu hutambaa, ua lake ni kama tarumbeta, na kiazi chake ukikikata hutoa utomvu mweupe.

Kama una ua lenye kiazi nyumbani, lipande mbali na chakula. Lipige picha likiwa limechanua, na uchomeke kijiti imara mahali lilipo kabla halijakauka. Na ukishuku mtoto amekula, nenda kituoni na mmea wenyewe au picha yake, siyo jina tu.

Mama mkwe hakuwahi kuniambia "nilikwambia". Siku ile ya Desemba alikuwa nasi, akasimama nyuma. Mwanangu mdogo alishika jani moja, akalipeleka karibu na uso, akaguna. "Bibi, hili lina kidole. Haliliwi."

Bibi yake akamwambia, "Sasa kamwonyeshe na mtoto wa jirani."