Kwa Gari la Umeme hadi South Shields

Safari za wazee wetu zilihesabiwa kwa manzili. Msafara ulijua utatua wapi, kisima kiko umbali gani, na mnyama atapumzishwa muda gani. Jahazi la kurudi Arabuni lilingoja kusi, na nahodha hakuona aibu kungoja. Gari la petroli ndilo lililotusahaulisha hesabu hiyo. Tunaondoka Mombasa usiku, tunashtukia tuko Mtito Andei, tunashuka kunyoosha miguu, kisha tunaendelea kana kwamba njia haina mwisho wa mafuta. Gari la umeme limeirudisha hesabu ya manzili mlangoni petu.

Nayaandika haya kwa sababu nyumba nyingi za Mwambao zina jamaa Uingereza, na mgeni anayekwenda kuwatembelea siku hizi huenda akapakiwa katika gari la umeme la kukodi. Si gari baya. Lina adabu zake tu, na mwenyeji asiyezijua humtaabisha mgeni wake, hasa akiwa mtu mzima.

Mgeni wetu alikuwa dada yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 74. Tulikuwa Leicester, nyumbani kwa ndugu yetu, katika mwezi wa Desemba. Hakutaka kuonyeshwa maduka wala majumba ya wafalme. Alitaka jambo moja: kulizuru kaburi la ami yetu, aliyezikwa mwaka 1981 katika mji wa South Shields, kaskazini, pale Mto Tyne unapoingia baharini. Mimi sikumdiriki ami huyo. Dada alikuwa na miaka saba alipoagana naye Bandari ya Kale, naye akashika njia ya Aden. Huko Aden alichukuliwa katika meli za Waingereza awe mchochea makaa.

Hapa sina budi kueleza kidogo, maana vijana wetu wengi hawayajui. Tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, mabaharia wa Kiyemeni waliopitia Aden walikuwa wakikaa South Shields baina ya safari moja na nyingine. Kazi yao ilikuwa chini kabisa ya meli, mbele ya tanuri, kutupa makaa kwa sepetu katika joto ambalo wengine walilikimbia. Walikaa katika nyumba za kupanga zilizoendeshwa na Wayemeni wenzao, wakaoa wenyeji, wakazaa, wakajenga. Msikiti wao wa Al-Azhar uko mtaa wa Laygate, na ndiko Muhammad Ali, bingwa wa ndondi, alikokwenda mwaka 1977 ndoa yake ikaombewa baraka. Meli zilipogeukia mafuta, tanuri zikazimwa na kazi ile ikapungua, lakini makaburi yao yamebaki.

Kutoka Leicester hadi huko ni takriban kilomita 300. Binti wa ndugu yetu, ambaye ndiye angeendesha, alichagua kukodi gari la umeme kwa sababu mbili. Kiti chake ni cha juu, mtu wa magoti mabovu hukaa bila kujikunja; na shangazi yake tangu utotoni hutapishwa na harufu ya petroli. Nilizipenda sababu zake, kwa kuwa zote zilimhusu mgeni.

Tulikubaliana na wenye magari kwamba tutalikuta betri limejaa. Tulikabidhiwa saa 3 asubuhi likiwa na asilimia 68. Kijana aliyekuwa mezani akasema, "Litawatosha." Katika fikihi ya ijara, aliyekodi ni mwaminiwa wa gari, na mwenye gari naye ana wajibu wa kulitoa katika hali ya kupatikana manfaa yaliyokusudiwa. Sikumsomesha. Foleni ilikuwa ndefu, na mchana wa Desemba kule kaskazini ni mfupi kama kilemba cha ukoka: jua huchwa saa 9 na dakika 40 hivi, na lango la makaburi hufungwa mapema. Tukichelewa, dada angelitazama kaburi la ami yake kupitia vyuma vya ua, na ndege ya kumrudisha Mombasa ilikuwa keshokutwa.

Binti alifanya hesabu kabla hajaliwasha. Gari lile, kwa karatasi zake, huenda kilomita 450 na betri likijaa. Katika baridi, kwa mwendo wa barabara kuu, alilihesabia 300. Asilimia 68 ya hizo ni kilomita 200 na ushei. Tofauti hiyo huleta mshangao kwa wasiozoea, nayo ina sababu. Baridi huidhoofisha betri, na joto la ndani ya gari pia hutoka betrini humo humo. Katika gari la petroli, injini hutoa moto mwingi unaopotea bure, na abiria huota huo. Gari la umeme halina moto wa kupoteza.

Tulipotoka Leicester na kuziacha nyumba za mji nyuma yetu, ruhusa ya msafiri ikaanza, kwa kuwa mwendo wetu ulizidi marhala mbili. Haikupita nusu saa tukaiona upande wa kulia minara minane mipana ya Ratcliffe-on-Soar. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha mwisho cha Uingereza kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, nacho kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Binti alipoeleza, dada akageuza shingo kuitazama mpaka ikapotea. "Kwa hivyo makaa ya ami yenu yameisha," akasema.

Kimya cha gari ndicho kilichomfungua ulimi. Hakuna mngurumo wa kushindana nao, na mtu wa kiti cha nyuma husikika bila kupaza sauti. Alitusimulia namna ami alivyombeba begani kwenda kununua kashata, barua zake zilizosomwa kwa sauti barazani, na fedha zilizokuja kwa mkono wa mabaharia na kulipia karo ya baba yetu. Jambo hilo la karo sikuwa nimelisikia hata siku moja, na miaka hamsini na kitu nimekaa na mwanamke huyu.

Kituo tulichokusudia kuchajia kiko kusini ya Leeds. Tulifika, tukakuta chaja mbili zimekufa na magari yanangojea zilizobaki. Binti aliteremka, akazungumza na wenye zamu, akarudi. "Ami, hapa ni saa nzima. Kituo cha Wetherby kiko mbele, na tutafika, lakini tusiwashe joto." Alikuwa ameandika usiku uliotangulia vituo vitatu, si kimoja. Akashusha mwendo kutoka kilomita 112 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria, hadi 90. Akazima joto la hewa, akawasha la kiti, ambalo hula umeme kidogo mno, akamfunika shangazi yake kwa blanketi alilokuwa amelitandika makusudi. Malori yakatupita yote. Nilikuwa nikivuta uradi na kuitazama ile tarakimu: 19, 15, 12. Tuliingia Wetherby na asilimia 9, adhuhuri ikiwa ndiyo kwanza inaingia.

Katika dakika 40 gari lilifika asilimia 80. Hapo hukatwa waya, kwani betri hujaa kama mtungi wa shingo nyembamba: huku mwisho hupokea taratibu, na aliye nyuma yako anangoja. Sisi hatukungoja gari. Dada alitawadha kwa maji ya moto ya chupa ya chai, mfanyakazi mmoja akatupa chumba kidogo cha stoo, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, dada juu ya kiti, binti pembeni yake, mimi mbele. Kisha mahamri na mbaazi. Tulipomaliza kula, gari nalo lilikuwa limemaliza. Umeme ule uligharimu pauni 34, takriban mara tatu ya ule wa nyumbani. Anayetaraji kuokoa fedha njiani ajue hivyo.

Tulifika langoni saa 8 na dakika 20 mchana.

Wanazuoni wana maneno yao juu ya wanawake kuzuru makaburi. Wako waliochukia kwa kuhofia kilio na mayowe, na wako walioruhusu pakiwa na adabu. Dada hakulia. Jiwe lilikuwa dogo, maandishi ya Kiarabu yameliwa na upepo wa chumvi, na lau si nambari ya daftari la makaburi tusingelijua. Alisoma Yasin kwa moyo, mwanzo hadi mwisho, huku jua likiteremka. Kisha akasoma majina ya majirani wa ami, kaburi kwa kaburi, yale yaliyosomeka. "Wote watu wa Yemen," akasema. "Hakuzikwa na wageni." Msikitini, wakati wa magharibi, niliuliza kama yuko amkumbukaye. Hakuwako.

Tulilala kwa familia ya Kiyemeni iliyotukirimu. Gari likachajiwa kwa waya uliopita dirisha la jikoni, na umeme wa kawaida wa nyumba huongeza kama kilomita 13 tu kwa saa, kwa hiyo ni kazi ya usiku kucha. Mgeni aombe ruhusa kwanza, kwani ni kama pauni 8 za mwenyeji zinazopita katika waya ule. Mama wa nyumba alikataa kulipwa. Binti akamwachia watoto zawadi.

Kesho yake tulilirudisha gari likiwa na asilimia 71. Kijana wa mezani akaandika 68, kama ilivyokuwa katika karatasi yake. Binti akanitazama. Zile tatu tukamsamehe.