Mama aliniagiza nikamtazame binti yake

Mwaka 2024, siku chache kabla sijasafiri kwenda New York kwa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari za afya, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Tanga. Binti yake ni rafiki yangu tangu sekondari, na mama huyo nami namwita mama.

Mama ni muuguzi mstaafu. Alimpeleka binti yake chuo cha uuguzi kwa ada ya kuungaunga. Binti akasoma mwaka mmoja, akaacha, akaenda Bagamoyo kusomea dansi kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Baadaye akapata kazi Marekani. Tangu aache uuguzi, mazungumzo yao yalibaki salamu. Shikamoo mama. Marahaba, hujambo? Sijambo. Basi, simu inakatwa.

“Sitaki uniletee maneno yake,” mama aliniambia. “Kwenye simu kila mtu ni mzima. Nenda kamtazame kwa macho yako.”

Rafiki yangu alikuwa akicheza katika onyesho liitwalo Sleep No More, la kundi la Punchdrunk la Uingereza. Lilianza London mwaka 2003, na New York lilifunguliwa mwaka 2011 katika jengo la Mtaa wa 27 Magharibi, eneo la Chelsea, ambalo zamani lilikuwa maghala. Jengo walilipa jina la hoteli, lakini halikuwa na mgeni anayelala.

Hakuna jukwaa wala viti. Ukiingia unapewa barakoa nyeupe, simu yako inafungiwa kwenye kimfuko, na unaambiwa usiseme neno hadi utoke. Kisha unaachwa utembee utakako: ghorofa kadhaa, vyumba vingi vyenye giza, makaburi, duka la pipi, chumba cha kulala chenye beseni la kuogea. Unaruhusiwa kufungua droo na kusoma barua. Wachezaji hawavai barakoa, nao karibu hawasemi kitu. Wanacheza, wanapigana, wanapanda ngazi mbio, na wewe unamfuata unayemtaka.

Hadithi ni Macbeth ya Shakespeare, ile ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Niseme mapema kwa wazazi wenzangu wa ukurasa huu: si onyesho la watoto. Kuna damu, na kuna wachezaji wanaovua nguo.

Nilizunguka karibu nusu saa bila kumwona. Barakoa nilidhani nimeizoea kwa miezi ile ya kuripoti habari za Covid, lakini hii ilinitoa jasho. Nilipofika ghorofa ya juu nikakuta wodi ya hospitali ya kizamani, vitanda vya chuma vimepangwa mstari, na mwanga hafifu. Akaingia muuguzi mwenye sare. Alikuwa yeye.

Nilitaka kumwita. Nikakumbuka siruhusiwi. Alipita karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake, wala hakunijua, kwa sababu sote tulikuwa na sura moja nyeupe.

Onyesho lile hujirudia. Kisa chote huchukua kama saa moja, kisha wachezaji huanza tena, mara tatu kwa usiku. Mara ya kwanza nilimtazama kama rafiki, nikifurahi tu. Mara ya pili nikamtazama kama mwandishi wa afya: uzito wake, macho, jinsi anavyoshuka ngazi. Alikuwa na afya njema, amekomaa mabega, hana dalili ya mtu asiyelala au asiyekula.

Mara ya tatu ndipo nikaiona mikono. Alikuwa anatandika kitanda. Alivuta shuka likanyooka, akainua pembe, akaikunja vizuri na kuiingiza chini ya godoro, halafu akapitisha kiganja juu kuondoa mikunjo. Nimeripoti kwenye wodi nyingi. Kona ile haifundishwi kwenye dansi.

Baada ya onyesho alitoka na koti lake, ana njaa, tukatafuta mahali pa kula. Nilimuuliza kuhusu kitanda. Akacheka.

“Ulidhani ule mwaka mmoja ulikwenda bure?”

Kisha akanyamaza, akauliza, “Mama anasemaje?”

Nilimwambia mama hajanituma kusema, amenituma kutazama.

Niliporudi nilikofikia ilikuwa saa sita usiku, na Tanga ni saa moja asubuhi. Nikampigia mama. Nilimwambia binti yake ni mzima, anakula vizuri, kazi yake ni ngumu na anaijua. Akawa anaitikia “ee, ee” tu. Nikamwambia pia kwamba anacheza kama muuguzi, na kwamba anatandika kitanda.

“Kona anakunja?”

“Anakunja, mama.”

Kimya kikawa kirefu hadi nikaangalia kama simu imekatika. Halafu akasema, “Mwambie anipigie. Akiwa na nafasi.”

Sisi wazazi na walezi tumezoea kuuliza: umekula, umelala, uko salama? Mtoto hujibu ndiyo, nasi tunaridhika, au tunakasirika, bila kumtazama. Saa tatu za kukatazwa kusema zilinifundisha kutazama, jambo ambalo wauguzi wa watoto wachanga hulifanya kila siku.

Onyesho lile lilifungwa New York Januari 2025. Rafiki yangu sasa anatafuta kazi nyingine ya dansi, na mama anajua, kwa sababu ameambiwa na yeye mwenyewe. Simu zao siku hizi ni ndefu. Nasikia hata mimi nasengenywa humo.