Oveni Iliyokataa Kupata Moto, Na Tulichojifunza Katika Kumi La Mwisho



Shukrani zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Swalah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), pamoja na aali zake na Swahaba zake wote. Ama ba'ad.

Ndugu wasomaji, kina mama kadhaa hapa Nyamirambo wametuuliza vipi tuliitengeneza oveni yetu ya umeme bila ya kununua nyingine. Tukaahidi kuandika. Lakini tulipokaa kuandika tuliona kwamba habari ya oveni haiwezi kutengana na kosa tulilolifanya siku hiyo hiyo, na kuficha nusu ya kisa si katika nasaha. Basi tunaeleza yote mawili, na Allaah Atusamehe.

Sisi nyumbani tunaoka keki na mikate ya kuuza. Siku za kawaida kazi ni ndogo, lakini likiingia kumi la mwisho la Ramadhaan watu huanza kuagiza vitu vya Idi. Ramadhaan iliyopita tulikuwa tumepokea oda za keki 14. Arbuni tumeshaichukua, na sehemu kubwa imeshakwenda katika unga, mayai na siagi. Asubuhi ya mwezi 26 tukawasha oveni. Taa ya ndani ikawaka, feni ikazunguka kama kawaida, tukaingiza keki mbili za mwanzo. Baada ya dakika 40 tukafungua mlango na kukuta unga uko vile vile, na upepo unaotoka ni wa baridi.

Hapo ndipo shaytwaan alipopata mlango. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa ameisugua oveni hiyo jana yake jioni. Hatukuuliza, hatukuchunguza. Tukasema: "Umeingiza maji ndani, umeiharibu." Akajaribu kusema neno, tukamkatiza. Mmoja wetu akaongeza kwamba hasara ya oda itabidi ikatwe kwenye mshahara wake. Binti wa watu alinyamaza, akamaliza kuosha vyombo, na baada ya Alasiri akaondoka bila ya kungoja futari. Tangu aanze kazi kwetu hakuwahi kufuturu kwake siku ya kazi.

Tukamwita fundi. Alikuja, akawasha, akazima, akasema mashine imekufa na tununue mpya, akalipwa pesa ya kuja akaenda zake. Bei ya oveni mpya ilikuwa zaidi ya faida yetu ya Idi yote.

Baada ya Tarawehe tukamweleza mzee mmoja wa msikitini, ambaye ujana wake wote aliufanya katika kazi ya umeme. Akatwambia: "Wanangu, mmeangalia nini kabla ya kusema imekufa?" Hatukuwa na jibu. Akaja nyumbani usiku ule ule na begi lake dogo, na akatufundisha utaratibu ambao tunauandika hapa ili ufae na wengine.

1. Anza na saa. Oveni nyingi zenye saa ya namba haziwashi moto mpaka saa ipangwe upya baada ya umeme kukatika. Ukiona namba zinamweka, panga saa kwanza. Yetu ilikuwa imepangwa.

2. Angalia kitufe cha kuchagulia. Oveni nyingi zina alama ya kuyeyushia vitu vilivyoganda, ambapo feni huzunguka bila ya moto wowote. Kitufe kikisogea hapo wakati wa kufuta vumbi, utadhani oveni imekufa. Chetu kilikuwa mahali pake.

3. Jaribu moto mwengine. Hili ndilo lililotufungua macho. Ndani ya oveni kama yetu hamna moto mmoja. Kuna koili ya juu ya kuchomea, na kuna koili ya duara iliyozunguka feni nyuma ya bati la ndani. Oveni nyingine zina na ya chini pia. Koili wengine hapa huiita rezistansi. Mzee akageuza kitufe kwenye moto wa juu, na baada ya dakika chache koili ya juu ikawa nyekundu. Akasema: "Basi umeme unafika, na oveni yenu haijafa. Kilichokufa ni kiungo kimoja." Kama moto wote ungekataa, angetafuta kwengine: kikata-moto cha usalama, ambacho hukata umeme oveni ikipata joto kupita kiasi, au waya unaoleta umeme.

4. Zima umeme kabla ya kufungua. Hapa tunasisitiza sana, khaswa kwa vijana wetu wanafunzi wanaopenda kujaribu. Kuzima kitufe cha oveni hakutoshi. Mzee alizima swichi kubwa ya nyumba, akachomoa plagi, kisha akapima kwa testa kuhakikisha hamna umeme. Asiyekuwa na ujuzi huo aishie nambari 3, na amwite fundi akiwa na maelezo kamili. Nyumba zinaungua na watu wanakufa kwa umeme wa jikoni, na nafsi ni amana.

Alifungua skrubu nne za bati la nyuma, na koili ya duara ikaonekana. Akapiga picha kwa simu namna waya zilivyokaa, kisha akazichomoa taratibu ili zisirudi nyuma ya tundu zikapotea. Akachukua mita yake na kumwita mtoto wetu wa sekondari. "Soma hapa kumeandikwa nini." Ilikuwa imeandikwa 230 V, 2000 W. Akamwambia agawe 2000 kwa 230, akapata ampea 8.7 hivi. Kisha agawe 230 kwa hiyo 8.7, akapata kama omu 26. "Basi koili nzima ingesoma karibu na 26," akasema. Akaweka ncha mbili za mita kwenye koili, na mita haikusoma kitu. Waya wa ndani umekatika.

Akaigeuza kwenye mwanga na kutuonesha: upande wa chini palikuwa na uvimbe mdogo uliopasuka, mweusi pembeni na mweupe katikati. Hapo ndipo tulipomuuliza lile lililokuwa linatukera: "Mzee, ni maji ya kuoshea?"

Akacheka kidogo. Akatueleza kwamba waya wa koili umefungwa ndani ya bomba la chuma, na katikati yake mna unga mweupe unaozuia umeme usifike kwenye bomba. Unyevu ukiingia kwenye unga huo, kawaida swichi ya usalama ya nyumba huanguka mpaka unyevu ukauke. Haukati waya namna ile. Waya hukatika kwa uzee, kwa kupata moto na kupoa mara maelfu kwa miaka. "Hii imekula umri wake. Nani mlikuwa mnamtia hatiani?"

Hatukumjibu. Alipoondoka tukakaa sebuleni kimya. Sisi ambao wiki moja nyuma tulihudhuria darsa la Suuratul Hujuraat, tukaambiwa kuchunguza kabla ya kuamini, na kujiepusha na dhana nyingi, tulishindwa mtihani wa jikoni kwetu wenyewe.

Asubuhi mmoja wetu akaenda mjini kununua koili. Alikwenda na ile mbovu mkononi, na nasaha yetu kwenu ni kufanya hivyo hivyo, kwa sababu duara, urefu wa ncha, matundu ya skrubu na nguvu yake lazima vifanane. Ilitugharimu faranga 18,000. Lakini kabla ya kuifunga tulikwenda kwanza nyumbani kwa yule binti, baba na mama pamoja, tukiwa na aibu.

Tulimkuta na mama yake. Tukasema mbele ya mama yake, kwa sababu mama naye alikuwa ameumia. Tukasema kwamba tulimdhulumu, kwamba mshahara wake haukatwi hata faranga moja, na tukaomba atusamehe. Binti akatazama chini, kisha akasema: "Nimesamehe, Mama. Lakini mimi niliwaambieni."

Tukashangaa. Akatukumbusha. Jioni ile, kabla hajaiosha oveni, alikuwa anaoka trei ya mwisho ya mikate. Akasikia kitu kimelia nyuma, "pa!", na mikate ya mwisho ikatoka meupe. Akaja kutwambia kwamba oveni imelia. Mmoja wetu alikuwa kwenye simu na mteja, akamjibu "sawa, sawa" bila ya kugeuka. Ndipo akaiosha, akidhani labda ni uchafu.

Ndugu zetu, maneno hayo yalituuma kuliko hasara. Yeye pekee ndiye aliyekuwa na habari ya kweli ya oveni ile, na yeye pekee ndiye tuliyemkataza kusema. Lau tungelimsikiliza, tungelijua tangu mwanzo kwamba oveni ilikufa kabla ya tone moja la maji kuigusa. Na Maulamaa wetu wanatufundisha kwamba dhulma baina ya mja na mja haifutwi kwa istighfaari peke yake mpaka haki irudi kwa mwenyewe na aombwe msamaha. Tulikuwa tunaamka kuutafuta usiku wa Laylatul Qadr na huku mtu wa nyumbani kwetu amelala na kinyongo chetu.

Mzee alikuja baada ya Adhuhuri akaifunga koili mpya. Tuliiwasha tupu nusu saa kwa nyuzi 200, madirisha wazi, kwa sababu koili mpya hutoa harufu na moshi kidogo mara ya mwanzo. Kisha keki ya kwanza ikaingia. Aliyeisimamia ni yule binti, kwa kutaka kwake. Keki 11 zilitoka kwa wakati. Wenye oda tatu tuliwapigia simu mapema tukawarudishia arbuni yao, na wawili kati yao wakatuombea dua.

Siku hizi tuna kanuni moja jikoni: kinapoharibika kitu, anaulizwa kwanza aliyekitumia mwisho, na anaulizwa kama shahidi, si kama mshitakiwa. Mengi yametengenezeka kwa kanuni hiyo, na siyo vyombo tu.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) Azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya, Awalinde wanaotuhudumia majumbani na ndimi zetu, na Ajaalie chumo letu kuwa la halali lenye baraka. Aamiin.

Wa biLlaahi tawfiyq.